Usidharau raundi za mwisho
Kaka, unasema wanaochukuliwa kuanzia raundi ya 5 kwenye drafti ya NFL, yaani zamu ya timu za ligi ya futiboli ya Marekani kuchagua wachezaji wapya, ni wa kujaza benchi tu? Puka Nacua je? Timu ya Rams ilimchukua mdakaji huyo akiwa wa 177 kuchaguliwa mwaka 2023, na msimu ule ule akadaka pasi 105 kwa yadi 1,486, akavunja rekodi ya wachezaji wa msimu wa kwanza kwenye ligi.

Ila mimi jicho langu liko kwa wale wa mstari wa mbele, wanaowazuia wapinzani. Jordan Mailata alikuwa mcheza raga wa Australia, mpira huu hajawahi kuugusa hata mechi moja. Timu ya Eagles ikamchukua akiwa wa 233 mwaka 2018. Sasa ndiye anayemlinda kwotabeki, yule mrusha pasi, upande wa kushoto, jitu la futi 6 na inchi 8, umpitie wapi? Timu yako inavuja hapo hapo, halafu bado unalilia mdakaji mwingine!