Asilimia 98 ya kurkumini imenaswa kweli ndani ya chembe?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Natengeneza chembe nano (ndogo mno) za PLGA, polima inayooza mwilini, zenye kurkumini, kiini cha njano cha bizari, kwa majaribio ya melanoma, saratani ya ngozi. Nikishazungusha kwenye sentrifuji, maji ya juu hayana rangi kabisa, na hesabu inanipa asilimia 98 ya dawa iliyonaswa. Ila baada ya siku chache, vumbi la njano hutuama chini ya chupa. Nakosea wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu. Hiyo 98 ndiyo yenye kasoro. Kurkumini karibu haiyeyuki katika maji, hivyo isiyonaswa hugeuka fuwele, nazo hushuka pamoja na chembe. Ukipima maji ya juu tu, fuwele zote zinahesabiwa kuwa zimenaswa.

Anza kwa kuzungusha taratibu, 1,000 g (mara 1,000 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 10, utupe mashapo. Chembe za nanomita 150 zitabaki zikielea. Ndipo uzikusanye kwa 15,000 g au zaidi, uziyeyushe kwa kiyeyushi cha asetonitrili, upime kurkumini yenyewe kwa mwanga wa nanomita 425. Namba itashuka, lakini hiyo utaweza kuitetea.

Kisha punguza dawa. Jaribu polima miligramu 50 kwa kurkumini miligramu 2.5 katika asetoni mililita 5, ukidondoshea kwenye mililita 20 za maji yenye asilimia 1 ya poloksama 188 (huzuia chembe kushikana), huku yakikorogwa. Vukiza asetoni yote, gizani: masalio yake huyeyusha dawa kidogo kidogo na kukuza fuwele. Usihifadhi kwenye pH 7.4, maana hapo kurkumini huru huharibika haraka mno; pH 5 hadi 6 ni salama zaidi. Kwa akiba ya muda mrefu, gandisha na ukaushe pamoja na asilimia 5 ya trehalosi, sukari inayolinda chembe.

Kwenye seli, jihadhari na MTT, kipimo cha rangi kinachoonyesha seli zilizo hai: kurkumini hubadilisha rangi yake hata pasipo seli. Weka visima visivyo na seli, na vingine vyenye chembe tupu, zisizo na dawa.

Tafadhali, usimpake mgonjwa mchanganyiko huu. Melanoma inataka kukatwa mapema, na kuchelewa kunaua.

Ukifika kwenye ngozi ya maabara, mng'ao ulio chini ya tabaka la juu hauthibitishi kwamba chembe zimepenya. Chembe nyingi hukwama juu au kwenye vinyweleo. Kinachong'aa huenda ni kurkumini iliyotoka ndani yake. Ipe polima rangi yake ya kung'aa, iliyofungwa kikemia, ndipo utajua kipi kimefika wapi.