Kitabu kipya cha ulimwengu wa mchezo: tuhamie au tubaki kwetu?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni kikundi cha watu watano hapa Chikongola, Mtwara. Kwa miaka miwili tunacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa kusimulia hadithi kwa dadu, kila mtu na mhusika wake, mchezeshaji akiongoza) katika ulimwengu tuliojitungia, bandari ya pwani yenye jini anayetoza ushuru wa majahazi. Siku hizi vikao vimepooza. Mara nne mfululizo watu wameaga kabla ya saa tatu usiku. Sasa kimetoka kitabu kipya cha ulimwengu mwingine, kina kurasa zaidi ya 300, ramani kubwa na historia ya miaka 6,000. Kimeandikwa kwa toleo la kanuni za mchezo la 2014, sisi tunatumia la 2024. Tunataka kila mtu atoe shilingi 60,000 tukiagize. Je, kanuni zitaoana, na wahusika wetu wanaweza kuhamia huko? Kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp anauza tafsiri yake ya Kiswahili kwa 10,000, na wahakiki wote wanakisifu.
Mchezeshaji, Mtwara

JIBU: Marahaba mdogo wangu. La kanuni nalimaliza kwanza kwa kuwa ndilo jepesi. Kanuni za 2024 zilitungwa ili vitabu vya 2014 viendelee kutumika, kwa hiyo majoka, mazimwi na maeneo ya kitabu hicho utayachezesha kama yalivyo. Kwa wahusika, angalia mawili. Vitabu vya zamani viliweka nyongeza za nguvu, wepesi na akili kwenye jamii ya mhusika, yaani aina ya kiumbe alicho. Siku hizi nyongeza hizo zinatokana na alikotoka na kazi aliyoifanya kabla ya kuingia safarini. Usimpe zote mbili, acha zile za jamii. Na matawi ya fani, yaani mkondo anaouchagua mhusika ndani ya fani yake kama uchawi au upiganaji, ambayo zamani mengine yalianza leveli ya 1 au ya 2, sasa yote yanaanza leveli ya 3. Wahusika wenu watahama bila shida.

Shida iko kwenye ile sentensi uliyoipitia mbiombio: watu wanaaga kabla ya saa tatu. Barua ya namna hii huwa naipata msimu wa korosho ukiisha, fedha zikiwa mkononi, leo kutoka Masasi, kesho Nachingwea, na kila mara mpangilio ni uleule. Meza imechoka, mchezeshaji amekata tamaa, halafu kinatokea kitabu kinene chenye ramani nzuri na kikundi kizima kinaamini kwamba kilichokuwa kinakosekana ni historia. Miaka 6,000! Mdogo wangu, wachezaji wako hawajaondoka mapema kwa sababu bandari yenu haina orodha ya wafalme.

Niliwahi kuamini hivyo na mimi. Mwaka wangu wa pili wa kuchezesha kwa malipo, hapa Lindi mjini, nilikuwa na vijana sita na kitabu kipya nilichokisoma jalada hadi jalada. Nikawafikisha kwenye lango la mji mkuu, kisha nikawasomea kurasa mbili nzima: nani alijenga ukuta, mwanawe alimrithi vipi, mjukuu akafunga mkataba na nani. Nilipoinua macho, binti mmoja alikuwa anazipanga dadu zake kwenye mkeka, kuanzia ya pande 4 hadi ya pande 20, anazisogeza kwa ncha ya kucha mpaka zikanyooka. Nikawauliza, mnafanya nini? Akajibu kwa adabu kabisa: "Dada, kwani hapa kuna nini cha kufanya?" Sikuwa na jibu, na kitabu hakikuwa nalo. Kilikuwa na kila kitu kuhusu mji ule isipokuwa mtu mmoja mwenye haja ya kitu, na mwingine anayemzuia asikipate.

Historia si adui. Chukua Kilwa Kisiwani, jirani yetu hapa. Ukiniambia tu kwamba ina magofu ya kale ya mawe, nitaitikia na kupita. Ukiniambia kwamba masultani wake walineemeka kwa dhahabu iliyotoka Sofala, na kwamba mwaka 1505 Wareno walitia nanga wakauteka mji, hapohapo naona kazi: nani atakimbiza mali kabla merikebu hazijafika, nani atawafungulia mlango, nahodha gani atakubali kubeba watu badala ya bidhaa. Sentensi moja inakupa vikao vitatu. Kurasa 40 za nasaba zinaweza zisikupe hata kimoja.

Kwa hiyo kipime kitabu hivi kabla hujatoa hata senti. Mara nyingi wachapishaji hutoa kurasa chache za mfano bure. Zipakue, funga macho, weka kidole popote, usome aya iliyo chini ya kidole. Jiulize nani anataka nini hapo, nani amemzibia njia, na kitaharibika nini wachezaji wasipotokea. Fanya hivyo mara tano. Wiki iliyopita nimefanya na kitabu kimoja kipya. Aya ya bandari ilikuwa na mistari kumi na mmoja: mwaka wa kuanzishwa, urefu wa kuta, rangi za bendera, basi. Kurasa chache mbele palikuwa na kivuko kidogo cha mtoni, mistari sita tu: mvushaji anatoza nusu nauli kwa yeyote atakayerudi na habari za kaka yake aliyepotelea ng'ambo, na wanakijiji wanawakataza wageni wasikubali. Mtu aliyewahi kusubiri mtumbwi Ruvuma jua likizama hahitaji kuelezwa zaidi. Kitabu chenye vivuko vingi namna hiyo kinunue, hata kama ramani yake imechorwa vibaya.

Usione kipimo cha ukurasa mmoja ni kidogo. Mwaka 2002 kampuni ya Wizards of the Coast, wenye Dungeons & Dragons, ilipotafuta ulimwengu mpya kwa shindano, yalifika mapendekezo zaidi ya 11,000, na hatua ya kwanza kila mtu aliruhusiwa ukurasa mmoja tu. Aliyeshinda, Keith Baker, ndiye aliyetupa Eberron, uliochapishwa 2004. Na Greyhawk, ulimwengu wa Gary Gygax mwenyewe, mmoja wa waliouanzisha mchezo huu, ulipotolewa kwa umma mwaka 1980, kijitabu chake kilikuwa na kurasa 32 na ramani. Watu walicheza humo miaka na miaka, nafasi zilizoachwa wazi wakazijaza wenyewe mezani, kama ninyi mlivyofanya na bandari yenu.

Hapo kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Ulimwengu wa kununua una mwenyewe, naye anaweza kuubadilisha. Forgotten Realms, uliotoka 1987, mwaka 2008 ulisogezwa mbele karibu miaka mia moja kwa mkupuo, maafa makubwa yakapita, na miji ambayo watu waliizoea ikaja imebadilika au haipo. Hakuna aliyelazimishwa kufuata, lakini kila kitabu kilichofuata kiliuzungumzia mji ambao si ule uliokuwa mezani kwao. Jini wenu wa ushuru hakuna atakayemsogeza bila ruhusa yenu. Na huyo jini ndipo ningeanzia. Ndani ya miaka miwili, kuna nahodha aliyewahi kumnyima ushuru? Ikawaje? Anazipeleka wapi hizo mali? Pekua daftari lako, utaona mambo uliyowaahidi wachezaji ukayaacha njiani. Fungua moja Jumamosi hii. Na kile kitabu kichezeni kikao kimoja kwa kurasa zile za bure, kwa wahusika wa muda, kisha uwaulize watu wanataka kurudi wapi.

Sasa huyo jamaa wa WhatsApp. Nimetumiwa sampuli za "tafsiri" kama hizo mara nyingi, na zinanikera mno kwa sababu zinaharibu watu wanaoanza. Ni skani ya wizi iliyopitishwa kwenye mashine, bila mtu kuisoma. Katika moja, mchawi alikuwa na "tahajia tatu kwa siku". Tahajia! Mashine imelikuta neno la Kiingereza "spell", lenye maana ya uganga na ya kuandika herufi, ikachukua lisilohusika, na kijana wa watu Newala akakaa wiki nzima anatafuta kanuni ya imla. Mahali pa kurusha dadu ili ukwepe madhara (kwa Kiingereza "saving throw") palikuwa na "kutupa akiba". Hicho ndicho mnachouziwa kwa 10,000. Kanuni za msingi, kwa upande mwingine, zipo bure kihalali: tangu Januari 2023 maandishi yake yametolewa kwa leseni ya Creative Commons, ruksa kuyatafsiri na hata kuuza tafsiri yako, mradi utaje chanzo. Ruhusa hiyo haigusi kitabu cha ulimwengu mnachokitaka, kile kina haki za mwandishi wake. Anayetaka kweli kuusaidia mchezo kwa Kiswahili ana kazi halali ya kutosha.

Na wahakiki wote wanaosifu: wengi wao wamepata kitabu wiki hiyohiyo kilipotoka, wamepiga picha jalada, wamepitisha kurasa mbele ya kamera na kutoa nyota tano. Nami nasema wazi, mtu asiyechezesha ulimwengu hajauhakiki, ameuangalia. Kila anayekushauri ununue, awe mtandaoni, dukani au mezani kwako, muulize amechezesha vikao vingapi humo, na watu wangapi, na wapi palimkwama. Aliyecheza atakuambia palipokwama kabla hujamaliza kuuliza. Asiyecheza atakuonyesha ramani.