Kuvuta maji nyumba tatu: nani alipe ngapi?

Mkuu, umeuliza nyumba tatu zilizofuatana zigawane vipi gharama za kuvuta maji kutoka bomba kuu, maana mmoja anataka sawa kwa sawa na mwenzake kanuna. Mtaani kwetu tulipita humohumo, mimi nikiwa nyumba ya katikati.

Makisio ya fundi: kufika kwa Mzee, nyumba ya kwanza, laki 3. Kufika kwangu laki 5. Kufika kwa Mama wa nyumba ya mwisho laki 9. Bomba ni lilelile, linarefuka tu. Mama akawahi: "Laki tatu tatu, yaishe." Nikaona nafuu, nikaitikia. Mzee kimya. Jioni akanifuata: "Laki 3 si ndiyo ningelipa peke yangu? Sasa huu umoja wenu unanisaidia nini?" Nilipokaa na kalamu nikaona hata mimi nilikuwa nimelala. Mimi na Mzee tukichimba wawili ni laki 5, kumbe hapa tunatoa laki 6! Mgao wa hivyo haudumu, wawili wakishtuka wanajitoa.

Tukatumia njia ya Lloyd Shapley, mwanahisabati wa Marekani, ya mwaka 1953. (Nobeli aliyopata 2012 pamoja na Alvin Roth ilikuwa ya kazi yake nyingine, watu huchanganya.) Jifanye watu wanajiunga mmoja mmoja, na kila anayeingia analipa kile tu alichoongeza. Rudia kwa kila mpangilio, kisha tafuta wastani. Watu 3 wana mipangilio 6, niliiandika nyuma ya risiti ya saruji. Mimi nikitangulia wote, laki 5, na hilo hutokea mara mbili. Mzee akifungua, mimi nikafuata, naongeza laki 2. Mitatu iliyobaki naongeza sifuri, bomba la Mama limeshapita mlangoni kwangu. Jumla laki 12, gawa kwa 6: laki 2. Mzee akaangukia laki 1, Mama laki 6.

Kwa bomba lililonyooka kuna njia ya mkato: kila kipande kinalipiwa na wanaokitumia. Laki 3 za mwanzo kwa watatu, laki 2 zinazofuata kwa wawili, laki 4 za mwisho ni za Mama peke yake. Jibu lilelile. Watafiti Littlechild na Owen walilionyesha hilo mwaka 1973 kwa njia za kurukia ndege, kwamba ndege ndogo isilipie urefu unaohitajiwa na kubwa.

Mkato huo haufai kama fundi anapunguza bei kwa idadi ya wateja, au bomba lina njia mbili za kupita. Hapo unahitaji bei ya kila kundi, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kukokotoa ni rahisi. Nyumba 3 zina makundi 7 (kila mmoja peke yake, wawili wawili, na wote watatu), na fundi wetu alipoulizwa bei mara ya tano alianza kukusanya vifaa vyake. Nyumba 20 ni makundi zaidi ya milioni moja, kompyuta inaweza ila fundi hawezi. Zikiwa nyingi hivyo, chagua mipangilio elfu kadhaa kwa kubahatisha, wastani wake unakaribia vya kutosha, ingawa bei za kuuliza bado ni nyingi mno kwa fundi.

Mama alilalamika, na sikumlaumu, hesabu hii haiangalii mfuko wa mtu. Tulimwachia alipe kwa awamu mbili. Peke yake angetoa laki 9.

Mwaka uliofuata akahamia jirani kati yangu na Mama, mahali ambapo bomba lingegharimu laki 7. Nikagawa vipande upya: sehemu yake 241,667. Haikwenda kwa fundi, tulirudishiwa sisi: Mama 158,333, mimi 58,333, Mzee 25,000. Senti zilizozidi hatukugombania. Mzee alipiga simu kuuliza nani kamtumia hela kimakosa.