Jibu: Mama ana miaka 67, hana bima, nianzie wapi?

Mkuu pole, umeuliza mama yako hapo Majengo atatibiwaje na hela ya bima hamna. Sera ya Afya ya 2007 inasema mzee wa miaka 60 kwenda juu asiye na uwezo anatibiwa bure vituo vya serikali, ila lazima atambuliwe, kwa hiyo anza na mwenyekiti wa mtaa, halafu mtendaji, ndo uende halmashauri kwa watu wa ustawi wa jamii, beba kitambulisho chake cha taifa (NIDA) na picha za pasipoti.

Na uangalie mhuri kwenye barua ya mtaa kabla hujaondoka ofisini!! Mimi nilirudishwa kisa barua haina mhuri, bibi yangu kakaa kwenye benchi tangu asubuhi, kanga kaifunga kiunoni, miguu imemvimba, iliniuma mno.

Kadi yake ya matibabu ya wazee ikitoka anzieni kituo cha afya wampe rufaa ya hospitali ya Mawenzi hapo Moshi, ukifika ulizia dirisha la wazee. Ila tenga na hela kidogo ya dawa maana wakati mwingine hazipo unaandikiwa ukanunue nje, hasa kama ana presha, zile za kila siku. Ana presha au sukari?