Jibu: RC522 haisomi baadhi ya kadi, na Arduino inajiwasha upya

Mkuu uliyeandika kutoka Nkuhungu, umeuliza kuhusu kufuli lako la kadi: RC522 (moduli ya kusoma kadi za RFID, zinazosomwa kwa mawimbi ya redio) haisomi baadhi ya kadi, na Arduino (bodi ndogo inayoendesha programu yako) inajiwasha upya kufuli linapofunguka. Kadi ambazo RC522 yako haizioni huenda ni za masafa ya 125 kHz. Moduli hiyo husoma za 13.56 MHz tu. Usihangaike na programu, badili kadi.

Arduino kujiwasha upya kila kufuli linapofunguka ni suala la umeme. Solenoidi ya 12 V (sumaku ya umeme inayofungua kufuli) ipe adapta yake, ipitishe kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), kisha funga dayodi 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na koili ya solenoidi, upande wenye mstari uelekee chanya. Ukiigeuza ni shoti.

RC522 yenyewe iwe kwenye 3.3 V, si 5 V! Kwa Arduino aina ya Uno, mguu wa RC522 ulioandikwa SDA uende pini 10, wa RST pini 9. Ukilinganisha namba ya kadi, pitia baiti zote. Kuna kadi zenye namba ya baiti 4 na zenye ya baiti 7.