Maswali ya Wasomaji: Gemu ya Zau ilipewa sabini na kitu, sasa niamini nani?

SWALI: Habari dada. Mimi niko Umoja, nacheza gemu pale kwa jirani mwenye PS5, tunalipa kwa saa. Majuzi nimemaliza Tales of Kenzera: ZAU na niliipenda mpaka nikashindwa kuongea na mtu hiyo jioni. Kuenda kuangalia vile wakosoaji walisema, napata wengi waliipa sabini na kitu kwa mia, eti ni fupi na vita vyake vinachosha. Maboys wananiambia naipenda juu iko na Kiswahili tu. Ni wao walikosea ama ni mimi sijui gemu?

JIBU: Kaka, hukukosea, na wao pia kwa mengi hawakukosea. Shida yangu ni watu kuchukua namba moja na kuacha maneno yote yaliyoandikwa chini yake, juu ukisoma hayo maneno utaona karibu kila mtu alisifu vitu vilevile na akalalamikia vitu vilevile.

Tuanze na sifa. Hii gemu ilitoka tarehe 23 Aprili 2024, imetengenezwa na Surgent Studios ya Uingereza, studio ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule alifanya sauti ya Bayek, shujaa wa gemu ya Assassin's Creed Origins ya 2017. Alifiwa na babake na hii stori yote imetoka hapo. Kuna kijana Zuberi kwa mji wa Amani, babake amekufa akamwachia kitabu, na ndani ya kitabu ndio tunampata Zau, mganga kijana anayemwita Kalunga, mungu wa kifo, wapatane: nikuletee roho tatu kubwa, unirudishie Baba. Wakosoaji walipenda hiyo stori, wakapenda muziki wa Nainita Desai, wakapenda sana vile inaonekana kwa macho, zile rangi za machungwa na buluu zinagongana kila ukibadilisha kinyago cha jua na cha mwezi, milima kwa nyuma, nguo ya Zau vile inapepea akiruka. Mimi kuna mahali niliweka kontrola chini nikaangalia tu.

Sasa lawama. Hii ni aina ya gemu wanaita Metroidvania, jina limeungwa kutoka kwa gemu mbili za zamani, Metroid ya 1986 na Castlevania. Raha yake ni kupotea, unapata mlango huwezi kuufungua, unaenda, saa tatu baadaye umepata nguvu mpya unakumbuka aaah, ule mlango, unarudi mbio. Mtu aliyecheza Hollow Knight ya wale wa Team Cherry wa Australia, ya 2017, anajua hiyo raha vizuri. Kwa Zau hiyo raha ni kidogo. Njia inaenda mbele tu, ramani haikufichi mambo mengi, na pale unarudi nyuma mara nyingi unapata zawadi ndogo haikubadilishii mchezo. Adui nao ni walewale, wanakuja kwa uwanja, milango inafungwa, unawamaliza, milango inafunguliwa. Kuna pia sehemu za kuruka ukigusa kitu kimoja tu umekufa papo hapo unarudishwa, na mpwa wangu alikasirika hapo akatoka nje. Hayo yote ni kweli na mkosoaji ambaye angeyaficha angekuwa anakudanganya wewe unayelipa kwa saa.

Halafu angalia iliingia wakati gani. Januari ya huo mwaka Prince of Persia: The Lost Crown ilikuwa imetoka, gemu ya aina hiyohiyo kutoka kwa kampuni kubwa ya Ubisoft, ramani yake ni pana na vita vyake ni vya hali ya juu, kwa hivyo watu walikuwa bado wana ladha yake mdomoni. Ori and the Blind Forest ya 2015 nayo ilikuwa imeshawazoesha watu kwamba gemu inaweza kuwa nzuri kwa macho na bado ikushike mikono vizuri. Zau, iliyokuwa ikiuzwa chini ya dola 20 ilipotoka, hapo kama shilingi 2,600, ikapimwa na hao. Mizani ilikuwa ya haki kwa upande wa kuruka na kupigana, lakini haikuwa na mahali pa kuweka kile kilikunyamazisha wewe jioni nzima.

Nikuulize, unakumbuka mibuyu? Zau anafika chini ya mbuyu anakaa, anaongea kuhusu babake, uhai wake unaongezeka. Hakuna cha kupiga hapo, unakaa tu. Sisi huku mtu akifa watu wanajaa kwa nyumba kila jioni, wanachanga, wanaimba, wanapika, halafu mazishi yakiisha kila mtu anarudi kazini na yule aliyefiwa anabaki na kiti kitupu. Hiyo gemu inaanzia hapo kwa kiti kitupu. Rivyu kadhaa zilisema sehemu za kuongea zinapunguza kasi na mimi nasema hapo ndipo walipitwa, juu hizo ndizo sehemu zenye gemu yenyewe.

Na kuhusu Kiswahili usikubali mtu akuaibishe. Rivyu nyingi nilizosoma zilitaja kwa sentensi moja kwamba kuna sauti za Kiswahili zikaenda zake. Mimi nimeicheza kwa lugha zote mbili. Kwa Kiingereza neno Baba linasikika kama jina la mtu, kwa Kiswahili linasikika kama vile wewe mwenyewe ulilisema ukiwa mdogo mlangoni. Hiyo ni sababu halali ya kupenda kazi ya mtu, na ni kitu wewe wa Umoja unaweza kukosoa vizuri kuliko mkosoaji wa London. Tena ukosoe kweli, mfano hizo roho na miungu hazijatoka mahali pamoja: Kalunga ni ya Wakongo, Impundulu ni ndege wa radi wa kusini kwa Waxhosa na Wazulu. Je, wamechanganya vizuri ama wamekoroga? Mimi naona wamechanganya vizuri, lakini hilo ndilo bishano ningependa kusikia hapo kwa jirani yako badala ya sabini na kitu.

SWALI: Nilisikia hiyo studio ilifungwa juu gemu ilikataliwa. Ni kweli? Msomaji, Ngara.

JIBU: Haikufungwa. Julai 2024 walipunguza wafanyakazi zaidi ya kumi, na baadaye mwaka huohuo kazi ya gemu ikasimamishwa wakitafuta pesa za gemu ingine. Salim pia alijitokeza hadharani kusema studio yake inaandamwa na matusi ya ubaguzi wa rangi, na hayo hayahusiani kabisa na ukosoaji, tusiyaweke kapu moja. Kwa upande wa tuzo, iliteuliwa The Game Awards ya 2024 kwa gemu zenye mguso kwa jamii, gemu ingine, Neva, ikachukua, halafu Aprili 2025 Zau ikashinda BAFTA, tuzo kubwa ya Uingereza, kwa kitengo cha gemu zinazogusa maisha nje ya burudani. Julai 2025 studio ikatoa Dead Take, ya kutisha, tofauti kabisa.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 13, babake alifariki mwaka jana. Binamu yake amemwambia kuhusu hii gemu na anaitaka. Naogopa itamtonesha. Mama, Buruburu.

JIBU: Pole sana mama. Itamtonesha, sitakuficha, lakini nadhani ni vizuri aicheze akiwa na wewe chumba kimoja kuliko aicheze kwa binamu na vijana wengine wakipiga kelele. Weka sauti ya Kiswahili. Sio ndefu, akicheza saa moja hivi jioni wiki mbili haziishi kabla hajamaliza. Akikwama pahali pa kuruka mwache akasirike, hiyo hasira sio yote ya gemu. Na akifika chini ya mbuyu Zau aanze kuongea, usimuulize kitu hapo, endelea na mboga zako mpaka aweke kontrola chini mwenyewe.