Dima chumbani kwa mama: tazama globu kabla hujalaumu swichi

Mama yangu huamka saa kumi kasoro za usiku kila siku, si Ramadhani tu. Anatia udhu, anasali, kisha anasoma msahafu mpaka adhana ya alfajiri. Chumbani kwake wanalala wajukuu wawili, na tangu alipofanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho mwanga mkali unamchoma macho. Basi akajitafutia njia yake. Usiku mmoja nilimpelekea maji nikakuta kaifunika globu kwa kipande cha kanga, kakifunga kwa uzi wa kushonea. Nilipokishika kitambaa kilikuwa na joto. Sikupata usingizi tena usiku ule.

Asubuhi nikaenda Darajani kununua swichi ya kupunguza mwanga, ambayo mafundi wanaiita dima. Naandika haya kwa sababu nilihangaika wiki mbili kwa jambo ambalo lingenichukua mchana mmoja, na nimeshaona nyumba mbili tatu za jirani wakihangaika vile vile.

Nilifunga dima, nikawasha. Taa ikawaka vizuri ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Nilipoanza kupunguza ikawa inatetemeka, ikatoa mlio mwembamba kama wa mbu, halafu ikazimika ghafla kabla hata haijafika nusu. Nikairudisha dukani nikidai mbovu. Nikapewa nyingine. Nayo ikafanya yale yale. Nikanunua ya tatu duka jengine, ya bei kubwa zaidi, na mama akatetemekewa na taa kwa siku nne nyengine akiwa kanyamaza tu, hataki kunivunja moyo.

Mwisho nikamwita ami yangu, fundi umeme wa miaka mingi. Aliingia, akatazama taa inavyorukaruka, wala hakugusa ukuta. Akaniuliza, "Mwanangu, boksi la globu liko wapi?" Nikalitafuta kwenye kapu la taka. Akavaa miwani, akaligeuza, akanionesha ubavuni mchoro mdogo kuliko kucha: duara la kifundo cha kuzungusha, limepigwa mstari juu yake. Maana yake globu ile haikubali dima. Dima zote tatu zilikuwa nzima.

Aliyonieleza ndiyo nataka kila mmoja ayajue. Globu za zamani za waya zilikuwa hazina hiyana: ukizipa umeme mdogo zinafifia na kuwa nyekundu, basi. Globu ya LED ina saketi ndogo ndani ya kitako chake, inayoubadilisha umeme wa volti 230 kuwa ule unaofaa kwa vijitaa vyake. Dima nayo haipunguzi umeme kama unavyopunguza maji kwa bomba. Inaukata vipande vipande, mara 100 kwa sekunde, na kila unavyozungusha kifundo inakata kipande kikubwa zaidi. Saketi ya globu isiyotengenezwa kwa kazi hiyo inapopata umeme uliokatwakatwa inajaribu kujirekebisha, inashindwa, inajaribu tena. Huko kuhangaika kwake ndiko tunakokuona kama kutetemeka. Ukiendelea kuitumia hivyo utaiua mapema.

Kwa hiyo unapokwenda dukani, tafuta kwanza globu. Boksi liwe limeandikwa "dimmable", au liwe na ule mchoro wa kifundo bila ya mstari. Muuzaji akikwambia "zote zinakubali", mwombe boksi ulisome mwenyewe. Kama taa yako ina globu zaidi ya moja, zote ziwe za aina moja. Globu moja isiyofaa kati ya tatu inatosha kuzitetemesha zote.

Halafu ndiyo ije dima, na hapa kuna hesabu ambayo watu wengi wanairuka. Kila dima imeandikwa wati zake, za chini na za juu. Dima yangu ya kwanza ilikuwa ya wati 40 mpaka 400, yaani ilitengenezwa enzi za globu za waya. Chumba cha mama kina globu mbili za wati 5, jumla wati 10. Hata kama globu zingekuwa za aina inayofaa, mzigo ule ni mdogo mno kwa dima ile, isingetulia. Usidanganyike na ile 400 pia ukafikiri unaweza kutundika globu za LED za wati 400. Dima ya zamani huhimili LED kwa sehemu ndogo tu ya wati zilizoandikwa. Nunua iliyoandikwa LED khasa, yenye kiwango cha chini kilicho chini ya jumla ya wati zako. Niliyonayo sasa inaanzia wati 3.

Kuhusu kufunga. Ikiwa hujawahi kubadilisha hata swichi ya kawaida, mwite fundi, usione haya. Anayejua afanye hivi kila mara: zima mein swichi, na umwambie kila mtu nyumbani kwamba umezima, maana mtoto akirudi kutoka chuoni akakuta feni haizunguki atakwenda kuiwasha. Ijaribu tesita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye soketi yenye umeme kabla ya kuzima, uijaribu kwenye waya baada ya kuzima, kisha, kabla hujagusa waya, uijaribu tena kwenye chanzo chengine chenye umeme. Tesita mbovu ndiyo inayoua watu, kwa sababu inakwambia pamekufa na pako hai.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, ya mawe na chokaa, na nilipoitoa swichi ya zamani unga wa chokaa ulinimwagikia mkononi. Ndani mlikuwa na nyaya mbili, zote nyekundu. Hilo linawatisha watu wanaotegemea kuona nyekundu na nyeusi. Mmoja unaleta umeme kutoka kwenye bodi, wa pili unaupeleka kwenye globu. Ule mweusi, nyutro, yaani wa kurudishia umeme, umekwenda moja kwa moja darini, haupiti kwenye swichi. Piga picha kwa simu kabla hujalegeza skrubu hata moja. Ncha za shaba zilikuwa zimeshika kijani kwa hewa ya chumvi, nikazikata nikachuna upya mpaka shaba inayong'aa. Usiache kufanya hivi ukikaa pwani. Ncha chafu haishiki vizuri, na pasiposhika vizuri panapata moto. Na kama mpira wa waya unapukutika mkononi kama biskuti, funika, acha, uitengeneze kwanza waya ya nyumba. Dima itangoja.

Shida nyengine ni kina cha boksi la swichi lililomo ukutani. Dima ni nene kuliko swichi, na inapata joto kidogo ikifanya kazi, kwa hiyo isibanwe na nyaya kama nguo kwenye sanduku. Boksi langu lilikuwa fupi. Nilitaka kuchimba ukuta ami akanizuia, kwani ukuta wa mawe na chokaa ukiupiga patasi unamwagika zaidi ya ulichokusudia. Tukafunga boksi la juu ya ukuta. Halipendezi sana, lakini lina nafasi.

Naomba pia mtu asiifunge dima ya taa kwenye feni. Regyuleta ya feni na dima vinafanana, vyote vina kifundo, vyote vinaingia kwenye boksi lile lile, na nimeona mtu akibadilishana akidhani ni kitu kimoja. Mota ya feni itanguruma, itapata moto, na moja kati yake na dima inaweza kuungua.

Kwa ngazi yenye swichi mbili, moja chini na moja juu, tafuta dima iliyoandikwa kuwa ya njia mbili, uifunge upande mmoja tu. Upande wa pili ubaki na swichi yake ya kawaida.

Na wenye inveta, mashine ya kutoa umeme kwenye betri gridi ikikatika, wasikilize hapa. Umeme wetu Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara mpaka Fumba, na ile miezi mitatu ya kiza umeme ulipokatika Unguja, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ndiyo iliyoifanya nyumba yetu inunue inveta. Hizi za bei nafuu hazitoi umeme wenye wimbi laini kama wa gridi, na dima inategemea wimbi hilo ili ijue pa kukata. Umeme ukikatika na inveta ikashika, taa ya dima inaweza kurukaruka au kuvuma. Sisi tumeitoa taa ya mama kwenye laini ya inveta, tukamwekea taa ndogo ya kuchaji pembeni mwa kitanda.

Limebaki moja ambalo sikulijua kabisa. Dima nyingi za LED zina skrubu ndogo ya kuweka mwanga wa chini kabisa, usiopungua zaidi ya hapo. Ya kwetu iko nyuma ya kifundo. Ami alikataa kuirekebisha mchana. Alirudi baada ya Isha, tukafunga madirisha, watoto wakalala. Mama akakaa kitandani na msahafu wazi mapajani, ami akizungusha kwa bisibisi taratibu, naye akimwongoza: "Punguza. Punguza tena. Aa, herufi zimepotea, rudisha kidogo. Hapo. Hapo hapo, usiguse tena."